Ushirika Usio na Kinu: Tahakiki ya Mikataba ya Maktaba Zetu na Wakusanyaji wa Majarida

Katika makala hii tunakusudia kuipima hati ambayo walimu wengi wa vyuo vyetu vya teolojia hawajapata kuisoma, ingawa wanaitegemea kila wanapowaagiza wanafunzi kutafuta makala. Hati hiyo ni mkataba wa leseni: mapatano kati ya ushirika wa maktaba kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kampuni inayokusanya majarida ya wachapishaji wengi na kuyauza kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Tumezoea kuhakiki vitabu. Tunauliza mwandishi amesema nini, amenyamaza wapi, na amemwandikia nani. Hatuoni sababu ya kutouliza maswali hayo hayo juu ya mkataba, maana nao ni andiko, na siku hizi ndio unaoamua mwanafunzi wa Mwanza au wa Bukoba atasoma nini kabla mwalimu wake hajafungua kinywa.

Hoja yetu ni fupi. Ushirika wa maktaba, hapa kwetu na katika nchi jirani, umeishindania bei, na mara nyingi umefaulu kuipunguza. Ila kazi ya kuchagua, ambayo ndiyo kazi ya asili ya mkutubi, umemwachia muuzaji. Jambo hilo lina gharama, na kwa elimu ya teolojia kando ya Ziwa Victoria gharama yenyewe yaonekana waziwazi.

Jinsi kazi inavyofanyika

Yafaa kwanza tueleze utaratibu, kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba chuo huunganishwa na majarida kama nyumba iunganishwavyo na bomba la maji. Mchapishaji wa jarida humpa mkusanyaji kibali cha kuziweka makala zake katika hifadhidata. Mkusanyaji humlipa mrabaha, aghalabu kwa kadiri makala zinavyosomwa. Kisha huyafunga pamoja majarida mamia kadhaa, au maelfu, akayauza kama kitu kimoja. Hicho ndicho kiitwacho kifurushi, neno ambalo vijana wetu wamelijua kwanza kwa kampuni za simu. Na ufanano huo una maana, kwa kuwa vifurushi vyote viwili huisha muda wake. EBSCO, iliyoanzishwa mwaka 1944 na yenye makao yake Birmingham katika jimbo la Alabama, Marekani, ni mmoja wa wakusanyaji wakubwa. ProQuest ni mwingine. JSTOR, iliyoanza mwaka 1995, ni ya namna tofauti kidogo: si kampuni ya kutafuta faida, na msingi wake ni ghala la matoleo ya zamani.

Maktaba moja ikienda peke yake kwa muuzaji wa namna hii haina nguvu. Ndipo ulipozaliwa ushirika. Kenya wana KLISC, ulioundwa mwaka 2003. Uganda wana CUUL. Sisi tuna COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na za utafiti Tanzania. Ushirika hujadili bei moja kwa ajili ya wanachama wote, huigawa kati yao, hutia sahihi, kisha huhangaika kukusanya michango, kazi ambayo kila aliyepata kuwa mhazini wa usharika anaifahamu bila kuelezwa. Mkataba ukishasainiwa, mlango hufunguka kwa kutambua anwani ya mtandao wa chuo. Kompyuta iliyomo ndani ya chuo hupokelewa. Iliyo nje hukataliwa, isipokuwa pamewekwa njia maalumu ya kuingilia. Mchungaji asomaye kwa masafa huku akihudumia sharika za kisiwa cha Ukerewe anahesabiwa kuwa mwanafunzi katika daftari la ada, lakini mlango huo haumjui.

Nyuma ya ushirika walikuwapo madalali wenye nia njema. INASP, shirika lililoanzishwa mwaka 1992 na lenye makao yake Oxford, lilizindua mwaka 2002 mpango uitwao PERI, ambao kwa fedha za wafadhili wa Ulaya ulizipatia maktaba za nchi maskini majarida kwa bei nafuu sana. EIFL, iliyoanza mwaka 1999, ilichipuka kutokana na majadiliano ya bei na EBSCO hiyo hiyo kwa niaba ya nchi kadhaa kwa mpigo. Mwaka 2002 ulianza pia HINARI chini ya Shirika la Afya Duniani, ukafuatwa na AGORA ya kilimo mwaka 2003, OARE ya mazingira mwaka 2006, ARDI ya teknolojia mwaka 2009 na GOALI ya sheria mwaka 2018. Mipango hii mitano kwa pamoja huitwa Research4Life. Msomaji ataona kwamba hakuna hata mmoja ulioanzishwa kwa ajili ya teolojia. Daktari wa Bugando alifunguliwa mlango, na mtafiti wa samaki pia. Mwalimu wa Agano la Kale ilimpasa atafute mlango mwingine.

Tusiwe wasahaulifu. Waliosoma katika vyuo vyetu miaka ya 1980 wanakumbuka rafu ambazo majarida yake yalikoma ghafla mwaka fulani kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, na masanduku ya vitabu vya msaada ambamo mlikuwa na nakala sita za ufafanuzi mmoja wa Waraka kwa Warumi, na hapana hata moja ya Waraka kwa Waebrania. Kwa kipimo hicho, kazi ya ushirika na ya wakusanyaji ni neema. Mwanafunzi wa leo, umeme ukiwapo, huweza kwa saa moja kusoma zaidi ya alivyoweza mwalimu wake kwa muhula mzima. Tahakiki yetu haikanushi hilo.

Yasiyoandikwa na yaliyoandikwa kwa herufi ndogo

Mkataba wa kawaida wa mkusanyaji una vifungu vitatu ambavyo mwalimu angefaa avijue. Cha kwanza ni zuio: mchapishaji huruhusu makala zake ziingie katika hifadhidata baada ya muda fulani tu, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, ili asipoteze wanunuzi wa jarida lenyewe. Hivyo orodha husema jarida limo, ilhali toleo la karibuni halimo. Cha pili ni uhuru wa muuzaji kubadili yaliyomo. Mchapishaji akiondoa kibali chake, jarida hutoweka katikati ya mwaka, na maktaba haina la kudai maadamu kifurushi kwa ujumla wake hakijapungua sana. Cha tatu ndicho kizito kuliko vyote: malipo ni ya kusoma, si ya kumiliki. Ada ya mwaka isipolipwa, hupotea hata matoleo yaliyokwisha kulipiwa miaka kumi. Rafu ya zamani, hata ilipokoma mwaka 1982, ilibaki na ya 1981.

Hata kilichotolewa bure hakikosi hatari hiyo. Mwezi Januari 2011 wachapishaji kadhaa wakubwa waliziarifu maktaba za Bangladesh kwamba majarida yao zaidi ya 2,000 yanaondolewa katika HINARI. Madaktari na watafiti walilalamika hadharani, jarida la Lancet likaupaza mwito wao, na wachapishaji wakarudi nyuma. Tunafurahi kwamba walirudi. Lakini aliyeondoa na aliyerudisha ni mmoja, na maktaba haikuwa na sauti katika tendo la kwanza wala katika la pili. Sisi nasi, Benki ya Dunia ilipoiingiza Tanzania katika nchi za kipato cha kati cha ngazi ya chini mwezi Julai 2020, tulishangilia. Wakutubi walikuwa na sababu ya kushangilia kwa kiasi, maana mipango ya namna hii huhesabu pato la taifa miongoni mwa vigezo vyake.

Kuna kifungu cha nne, kilichomo katika mikataba mingi ingawa si yote, nacho ni usiri wa bei. Ushirika mmoja hautakiwi kuuambia mwingine umelipa kiasi gani. Hapa twaomba kukumbusha historia ya jimbo letu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma hawakuanza kwa kudai bei. Walianza na mizani. Walijua wanapunjwa wapimapo mzigo kwa wanunuzi, na chama kilichoongozwa na Paul Bomani kiliweka wapimaji wake, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla ya kufika kwa mnunuzi. Kutoka hapo vilikua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria, ambalo baadaye lilirithiwa na Nyanza. Nalo halikuishia kwenye mizani. Kabla ya muongo ule kwisha lilikuwa limeanza kumiliki vinu vya kuchambulia pamba, na karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwake. Yaliyofuata, yaani Serikali kuvifuta vyama vikuu mwaka 1976, na madeni yaliyokuja baada ya kurudishwa kwake, ni habari nyingine, wala hatusemi kwamba kumiliki kinu kunaondoa matatizo yote. Tunasema tu kwamba wazee wale, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walifahamu mambo mawili ambayo ushirika wa wasomi unayapitia haraka: kwamba mizani yapaswa kuonekana, na kwamba mwenye kinu ndiye aamuaye pamba ipi ni ya daraja la kwanza.

Ushirika wa maktaba zetu umefika kwenye mlango wa mnunuzi na kupata bei njema. Mizani imefunikwa kwa kifungu cha usiri. Kinu kiko ng'ambo.

Ziwa letu kwa kibali

Tuchukue mfano mmoja, tena wa jambo lililo mbele ya macho yetu. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza wakiwachunguza furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao bibi zetu waliwaanika juu ya miamba. Ni wao walioandika jinsi furu walivyoangamia baada ya sangara kuongezeka. Makala maarufu ya Frans Witte na wenzake ilitoka mwaka 1992 katika jarida la Environmental Biology of Fishes. Ya Ole Seehausen na wenzake, juu ya maji yaliyotibuka na furu wasioweza tena kutambuana kwa rangi, ilitoka katika Science mwaka 1997. Tijs Goldschmidt aliandika kitabu kizima, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994 na kwa Kiingereza mwaka 1996. Furu walivuliwa hapa, mashua zilikuwa za hapa, na majina ya samaki yalitajwa na wavuvi wa hapa. Mwalimu wa maadili ya Kikristo atakaye kufundisha juu ya uumbaji na uharibifu wake, akiwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu kutoka ghuba hiyo, huzifikia makala hizo iwapo tu chuo chake kimo katika orodha, ada imelipwa, na jarida halijaondolewa katika kifurushi mwaka huu.

Hata hivyo huo ni mfano wa heri, kwa sababu angalau makala zimo mahali. Katika teolojia hali ni ngumu zaidi. Faharasa kubwa ya majarida ya dini duniani ni ile ya Atla. Ilianzishwa na wakutubi wa vyuo vya teolojia vya Amerika Kaskazini waliojiunga mwaka 1946, wakaanza kuchapa faharasa yao mwaka 1949; yaani walikuwa ushirika uliojijengea kinu chake wenyewe, na kwa hilo tunawaheshimu. Leo kazi yao huuzwa kupitia EBSCO. Ni kazi ya uangalifu mkubwa. Lakini vichwa vyake vya mada ni vya Kiingereza, na sehemu kubwa ya majarida yake ni ya lugha za Ulaya. Mwanafunzi anayeandika juu ya matambiko ya mvua Usukuma hana budi kwanza kulitafsiri swali lake, kisha kulipunguza liingie katika kichwa cha mada kilichokuwapo, na mwishowe kuridhika na makala iliyoandikwa na mtu aliyepita Shinyanga kwa majuma matatu.

Matokeo yake tunayaona katika tasnifu tunazosahihisha. Marejeo yamekuwa mengi na mapya, hilo lapendeza. Lakini Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, na ambaye kitabu chake juu ya kanisa na ukoo wa Kihaya kilitoka mwaka 1974, hatajwi, kwa kuwa ni kitabu na kifurushi ni cha majarida. Bara Bukoba ya Bengt Sundkler, ya mwaka 1980, iko rafuni ikiliwa na mchwa, na mwanafunzi aliyezaliwa Bukoba amenukuu makala tano za Kiingereza juu ya "kanisa la Afrika" zisizotaja Bukoba hata mara moja. Mwanafunzi huyo si mvivu. Amefuata njia iliyofunguliwa. Na mashine ya kutafutia, kwa wema wake, humletea kwanza yaliyomo ndani ya kifurushi, ikamfanya aamini kwamba yasiyokuja hayapo.

Lugha ndiyo jeraha lenyewe. Kanisa letu huhubiri, huimba, hubatiza na kuzika kwa Kiswahili, na kwa Kihaya, Kisukuma na Kijita. Teolojia iliyoandikwa kwa lugha hizo, katika mahubiri yaliyochapwa, katika mihtasari ya sinodi, katika tasnifu za stashahada, haiingii kwa mkusanyaji, kwa kuwa haina mchapishaji wa kutia sahihi mkataba, wala haina wasomaji wa kutosha katika hesabu ya mrabaha. Mkusanyaji hana chuki nayo. Haioni tu.

Juu ya wingi

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule, na karibu na mwisho wa waraka ule aliwasihi pia waweke maktaba. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba hakuwataka wakusanye kila kitu. Alionya waziwazi dhidi ya kurundika vitabu kwa kuangalia idadi, akapanga yeye mwenyewe ni aina gani zingestahili kuingia: Maandiko katika lugha zake, vitabu vya lugha na sarufi, vya sheria na tiba, na historia za mahali, ambazo alizitilia mkazo wa pekee akilalamika kwamba Wajerumani hawakuhifadhi habari zao. Twaweza kubishana naye juu ya aliyoyaacha nje. Lakini alijua kwamba maktaba ni tendo la kuchagua, na kwamba asiyechagua amechaguliwa na mwingine.

Tangazo la kifurushi huanza daima na idadi: majarida maelfu kadhaa. Na taarifa ya ushirika kwa wanachama wake, kwa bahati mbaya, huanza vivyo hivyo. Mara chache tumeona taarifa inayosema: katika hayo, haya arobaini ndiyo walimu wetu waliyoyaomba, na haya kumi na mawili yamekosekana, na muuzaji tulimwuliza sababu.

Hapa hatuwezi kuwaondolea lawama walimu, nasi tukiwamo. Mkutubi hawezi kuomba asichoombwa. Idara za teolojia hukutana kujadili ratiba, mitihani na karo. Hatujasikia idara iliyokaa siku nzima kupanga orodha ya majarida yake kwa utaratibu wa umuhimu na kuipeleka kwa mkutubi kabla ya majadiliano ya mwaka. Takwimu za matumizi, ambazo wauzaji wengi huzitoa kwa kanuni moja ya kimataifa tangu mwaka 2003, hufika katika barua ya mkutubi na kulala humo. Zingesomwa, zingeonyesha majarida yanayolipiwa bila kufunguliwa hata na mtu mmoja. Na hiyo ndiyo silaha ya majadiliano.

Kinachowezekana

Hatupendekezi kuvunja mikataba. Tunapendekeza ushirika uingie katika majadiliano yajayo ukiwa na madai mengine pamoja na bei: kwamba maktaba ibaki na matoleo iliyoyalipia hata mkataba ukikoma, kwamba mwanafunzi wa masafa atambuliwe kwa jina lake popote alipo, kwamba bei isifunikwe kati ya ushirika na ushirika, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wakiweza kulinganisha. Muuzaji atakataa baadhi ya haya. Mwaka 1952 mnunuzi wa pamba naye hakuyapenda mapendekezo aliyoletewa.

Milango mingine ipo, na yafaa itumike zaidi. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 chini ya INASP na kuhamia Afrika Kusini mwaka 2005, ni mkusanyaji wa bara letu, na humo mna majarida ya Tanzania, likiwamo Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maktaba ya teolojia ya Globethics, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa ushirikiano na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, humpokea mtu binafsi ajiandikishaye, hata akiwa Ukerewe. Jarida la chuo lisilomo katika milango hiyo lina mhariri wa kuulizwa, na wahariri wa ukurasa huu wasijione wamesahauliwa.

Kuhusu kinu chenyewe, mwanzo wake ni mdogo. Programu ya DSpace, iliyotolewa bure mwaka 2002, hutumiwa na vyuo vikuu vingi kuhifadhi na kuonyesha tasnifu zao. Vyuo vya teolojia vya kanda ya ziwa, vya Kilutheri na vya madhehebu mengine, vingeweza kuwa na hifadhi moja ya pamoja badala ya kila kimoja kununua kompyuta yake na kumkosa fundi. Tungeanza na tasnifu, kisha mihtasari ya sinodi iliyopita umri wa usiri, kisha nyimbo na mahubiri. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yana mengi ambayo mwanafunzi wa dini za jadi hatayapata kwa muuzaji yeyote, nayo hayako mbali na Mwanza. Vichwa vya mada vingeandikwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, ili mtafutaji wa neno "matambiko" asilazimike kwenda kwanza Alabama.

Kazi ya mashine katika mpango huu ni nyepesi. Itakayochukua muda ni idhini. Tasnifu ni mali ya mwandishi wake, na hatuwezi kuwalaumu wakusanyaji kisha tukazitandaza kazi za wanafunzi wetu bila kuwauliza. Orodha za wahitimu zipo katika ofisi za vyuo; wengi wao ni wachungaji ambao dayosisi zinajua walipo, baadhi wamestaafu, na wengine wamelala na sharti waulizwe warithi wao. Barua hizo zaweza kuanza kuandikwa muhula huu.